Mzee Elimringi na Barafu Isiyoacha Alama

Mama Goodness aliingia uani kwangu bila hodi, beseni la nguo kiunoni, akaniambia barafu ya Kibo ndiyo iliyomwangusha Mzee Elimringi.

"Wewe hujasikia? Mlima umemkataa. Alitaka kumchungulia Kibo kwa juu kama mtu anayechungulia ua wa jirani, mlima ukamtemea barafu, ikaingia kwenye injini. Wamesema waliokuwepo."

"Mimi mwenyewe nilikuwepo, Mama Goodness."

"Haya, wewe uliona nini?"

Nikainamia karai, nikaendelea kufikicha nepi ya Amne ambayo ilikuwa imetakata zamani. Nikamwambia sikuona kitu, nilikuwa nimembeba mtoto.

Umbea ule, ukiutoa mlima, ulikuwa kweli. Barafu ndiyo iliyomwangusha mzee. Lakini haikutoka Kibo, na mtu aliyeifungulia njia alikuwa amechutama pale pale mbele ya Mama Goodness, mikono kwenye povu.

Mzee Elimringi ndiye mwenye nyumba yetu hapa Njoro. Mimi na mume wangu Fahad tumepanga vyumba viwili vya nyuma, ila Fahad anaendesha lori la mizigo la Holili, kwa hiyo siku nyingi uani tunabaki mimi, mtoto na mzee. Mke wake, Mama Eunike, anakaa juu Mwika kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, na migomba yake na ng'ombe wawili. Alhamisi hushuka na ndizi na maziwa, akafagia, akamgombeza mzee kwa kula mikate mikavu, akapanda tena. Kila mwaka alimwambia arudi nyumbani apumzike, na kila mwaka mzee alijibu kuwa bado bawa moja.

Maana pale uani, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, kuna banda la mabati, na ndani ya banda alikuwa anajenga ndege. Miaka tisa. Ndege ya mtu mmoja, mbavu za mbao, ngozi ya kitambaa kizito kilichopakwa rangi nyeupe, na puani injini ya ile gari ndogo ya zamani yenye mgongo wa kobe. Gari lilikuwa la mchungaji mmoja wa Mwika. Mchungaji alipostaafu likawa banda la kuku, ndipo mzee akawahamisha kuku na kuitoa injini. Watoto wa mtaa waliiita Ndege Kobe. Hakukasirika. "Kobe ndiye anayefika," aliwaambia. "Kaulizeni sungura."

Ni mtu mrefu, mkavu, anavaa sweta la kijani hata Februari. Alianza kazi akiwa kijana wa Mwika kwa kutengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa, akashuka mjini, akakaa gereji moja zaidi ya miaka thelathini. Haongei sana. Na ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki. Nilipohamia nilidhani ni maringo ya mwenye nyumba. Mwaka mzima ulipita ndipo nikajua kuwa hasikii vizuri. Kelele za gereji zilimla masikio, naye alijifunza kusoma midomo ya watu, akaficha kiasi kwamba hata Mama Eunike alidhani ni kiburi cha uzee. Mimi nilijua kwa sababu Amne alipolia nyuma yake, kilio kile cha kichanga kinachomgeuza hata mbuzi, mzee hakugeuka. Sikumwambia mtu. Niliona ni siri yake.

Ninayaandika haya yote ili mnielewe vizuri. Nilijua kuwa hasikii. Sina pa kujificha.

Amne alizaliwa mwezi wa tatu, mvua zikianza. Mama yangu alikuwa anaumwa, hakuweza kuja. Basi Mama Eunike akashuka na kikapu chake, akanikalia wiki tatu kama binti yake wa kumzaa. Wachaga mzazi hawamchezei: mtori asubuhi, mtori jioni, chakula kinakufuata kitandani kama deni. Mimi ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, bibi yangu Mpare, babu yangu alikuja na reli kutoka Tanga, na pale uani hakuna aliyenihesabia hayo. Nyama ya mtori mzee aliifuata mwenyewe kwenye bucha la Mwislamu, ili nile bila kusita. Nilimwona akimenya ndizi za mshare mlangoni mwa banda, vidole vyeusi kwa oili na utomvu, Mama Eunike akimfokea anawe kwanza.

"Utamlisha mzazi grisi!"

"Grisi inalainisha," alisema mzee. "Hata maziwa yatashuka vizuri."

Mama Eunike alimfumia Amne jozi mbili za soksi kwa uzi wa njano wa nailoni. Vitu vidogo, unaweza kuvivika kwenye vidole gumba. Nilikuwa navivua usiku navinusa.

Nilipopata nguvu nikaanza kukaa na mwanangu mlangoni mwa banda, nikimtazama mzee anavyofanya kazi. Nilimaliza darasa la saba tu, lakini mtu akinieleza kitu mara moja kwa mkono nakielewa. Siku moja nikamwuliza lile koti la bati alilokuwa analigonga ni la nini.

"Lete mkono," akasema.

Akanimwagia tone la petroli nyuma ya kiganja, akaniambia nipulize. Nikapuliza. Nikaruka.

"Baridi!"

"Na leo hakuna baridi. Petroli ikikauka inachukua joto la ngozi yako. Kwenye kabureta inakauka muda wote, mahali pembamba, hewa inapita kasi. Hewa ikiwa na unyevu, ule unyevu unaganda mle ndani. Barafu, mama Amne. Chini mtu amevaa shati, ndani ya injini kuna barafu. Inaziba koo, injini inakata pumzi."

"Kwani gari la mchungaji lilikuwa linaganda?"

"Gari lilikuwa na blanketi lake. Limefunikwa nyuma kule, joto lake linalizunguka, na lilikuwa na bomba lake la kuvutia hewa ya moto. Mimi nimeitoa injini kwenye gari nikaiweka puani kwenye upepo. Ni kama nimemvua mtoto sweta. Sasa lazima nimfumie jingine."

Akanisimulia alivyoijua barafu hiyo. Zamani akiwa gereji alikuwa anapandisha pikapu kuukuu kwenye barabara ya mlimani, ukungu umejaa. Pikapu likazima. Akafungua kabureta, hakuna kitu, unyevu tu. Akasubiri kidogo, likawaka. Mbele likazima tena. Mara tatu. Mara ya nne akafungua hapo hapo, hakusubiri, akaona pete nyeupe kama chumvi kwenye koo la kabureta. Akaigusa. Ikaisha kwenye kidole.

"Huyo ni mwizi asiyeacha nyayo," aliniambia. "Ukifika na tochi ameshaondoka. Watu wanailaumu petroli, wanalaumu plagi, wanamlaumu fundi."

Basi sweta la injini alilifuma hivi. Bomba la moshi alilizungushia koti la bati lililokatwa kwenye debe la mafuta ya kula, akaacha mdomo wazi kwa mbele. Hewa inaingia mdomoni, inapita juu ya bomba la moto, inapanda kwa mpira mnene mpaka kwenye kisanduku chini ya kabureta. Ndani ya kisanduku kuna kilango chenye springi. Rubani akivuta kirungu chekundu, kishikio kinaachia, waya unalegea, springi inasukuma kilango, baridi inafungiwa nje, joto linaingia.

"Mbona springi ndiyo inafungua, si waya?" nilimwuliza.

Aliacha kazi akanitazama. "Fahad amekuoa ukiwa na akili hizi, anajua? Waya ukikatika angani, nibaki na joto. Heri injini yenye homa kuliko injini yenye baridi."

Na kila jioni aliijaribu. Anafunga magurudumu kwa magogo, anawasha, anapandisha resi, halafu anavuta kirungu. Hewa ya moto ni nyepesi, injini haishibi, kwa hiyo resi lazima ishuke kidogo. Ikishuka, joto limefika. Isiposhuka, hakuna kuruka. Alikuwa anaangalia mshale wa resi, ingawa mshale wenyewe ulitoka kwenye gari jingine na ulitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mimi sikuhitaji mshale. Niliisikia kutoka jikoni: ngurumo, kisha inashuka kidogo kama mtu anayemeza mate, kisha inapanda tena. Miezi miwili niliisikia kila siku. Amne alikuwa anaacha kunyonya pale sauti inaposhuka, anaangalia juu, anaendelea.

Julai ya mwaka huu ikaja na mawingu yake. Mnaoishi Moshi mnaijua. Jua halionekani siku tano, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Nepi nilizikausha juu ya jiko la mkaa, lakini soksi za njano niliogopa zitaungua. Siku moja mzee alipozima injini na kwenda kuoga, nikapita karibu nikasikia joto likinipiga mguuni. Lilitoka kwenye mdomo wa koti la bati. Nikaweka mkono: moto mtulivu, kama wa mkate uliotoka kuokwa. Nikachukua soksi nne, nikazipanga pale mdomoni. Baada ya muda mfupi zikawa kavu, zina uvuguvugu, nikamvika Amne akacheka.

Kwa hiyo nikaifanya desturi. Mzee hakujua. Akizima naweka, kabla ya magharibi natoa. Nilisema moyoni kuwa joto linapotea bure, si vibaya.

Ijumaa, siku moja kabla ya ndege kuruka, niliziweka kama kawaida nikaingia kumwogesha mtoto. Filemon, mdogo wake mzee, akafika kutoka Mwika na pikapu yake ya kuvutia ndege kesho yake. Mzee akataka kumwonyesha. Nikasikia injini inawaka. Nikawa nimeshika mtoto mwenye sabuni, anateleza kama kambale, sijui nimweke wapi. Nilipotoka nimemfunga kwenye kanga, mzee alikuwa ameshavuta kirungu na kukirudisha, anamwambia Filemon, "Umesikia hiyo?" na injini inazima.

Nikasubiri waende mbele kunywa chai. Soksi tatu zilikuwa chini kwenye vumbi. Ya nne haikuwepo.

Niliitafuta chini ya magurudumu. Niliingiza vidole kwenye mdomo wa bati, kulikuwa na moto, nikavitoa. Nikajiambia kuku ameichukua. Mbwa wa Mama Goodness ameichukua. Nilijua pa kuuliza, lakini ningeulizaje? "Baba, naomba uangalie ndani ya ndege yako, nilikuwa naigeuza kamba ya nguo"? Mtu amesubiri miaka tisa, kesho ndiyo siku, mkaguzi wa ndege ameshampa karatasi ya kuruka majaribio. Niliona aibu. Nikaenda kuunga mboga.

Asubuhi tulienda wote, mtaa mzima karibu, kwenye uwanja wa nyasi chini ya mji. Ukungu ulikuwa ndio kwanza unanyanyuka, nyasi zimelowa mpaka viatu vinalia. Mlima hauonekani kabisa. Walikuja wazee wa kanisa kutoka Mwika, mwenyekiti wa mtaa, vijana na simu zao. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe chini ya sweta la kijani. Alimwamkia kila mtu, akapeana mikono, akapanda.

Filemon akazungusha pangaboi. Ikawaka. Resi ikapanda, mabawa yakatetemeka. Nikaona bega la mzee linarudi nyuma: amevuta kirungu.

Haikushuka.

Niliisikia haikushuka. Amne kifuani kwangu hakuangalia juu. Ngurumo iliendelea ile ile, imenyooka, na mzee uso wake umewageukia watu, anacheka, anampungia mkono mwenyekiti. Akakirudisha kirungu.

Ningeweza kukimbia. Ndege ilikuwa hatua ishirini. Ningesimama mbele yake, angezima. Lakini mbele yangu walikuwa wamesimama wazee wa kanisa na mwenyekiti, na mimi ni mpangaji mwenye kichanga. Nikajiuliza, nitasema nini, kwamba nimesikia mate hayajamezwa? Nikamkumbatia mtoto. Mpaka nafungua mdomo, magurudumu yalikuwa yanabingirika.

Aliruka. Nisiseme uongo, aliruka vizuri. Watu walipiga vigelegele, Mama Goodness akatupa mtandio juu. Akazunguka mara moja, mbali, mweupe chini ya mawingu. Aliporudi kutua akapunguza resi, ndipo injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Nikamwona akipita juu ya mwisho wa uwanja, chini sana, akaingia kwenye shamba la alizeti. Gurudumu likanasa kwenye mfereji.

Mguu ulivunjika juu ya kifundo, na mbavu mbili. Hakufa. Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa nikasema Alhamdulillahi mpaka Amne akaanza kulia. Filemon alifungua kabureta pale pale shambani, vijana wakimrekodi.

"Hamna kitu, kaka. Unyevu tu."

"Nilivuta joto," mzee alisema, amelala kwenye majani ya alizeti. "Nilivuta mapema, kabla sijapunguza resi. Halikuja."

Picha ile ilizunguka kwenye simu zote za Moshi. Watu waliandika vichekesho. Kobe amepaa kwa heri. Kobe rudi majini.

Alirudi nyumbani siku ya tatu, mguu umefungwa plasta nene nyeupe. Mama Eunike akashuka kumwuguza. Ndege waliirudisha bandani, bawa moja limekatika, pangaboi imebaki nusu. Mzee alikaa kwenye kiti mlangoni akiitazama. Nilimpelekea uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Amne. Mtoto amelala?"

"Amelala." Nilisimama na bakuli. Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri, maneno yako mdomoni. "Baba..."

Akaniangalia midomo, akisubiri. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Uji una limau," nikasema. "Kama ni mkali niambie."

Nikarudi chumbani nikaketi kitandani. Soksi tatu zilikuwa juu ya mto.

Alhamisi ndipo nikasikia. Mama Eunike alikuwa anachambua maharage barazani, analia kimya kimya. Nikamwuliza kuna nini, mzee amezidiwa?

"Amempigia Filemon aje kesho na msumeno wa umeme. Anaikata."

"Anaikata ndege?"

"Vipande. Mimi miaka tisa nimeombea aiache, sasa anaiacha, na sitaki." Alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Anasema koti lake la bati ni la uongo. Anasema asipoikata itaishia kuuzwa kwa kijana fulani, na huyo kijana atafia humo. Anasema nimeolewa na mjinga."

Ijumaa nilimsikia Filemon akifika. Nikasikia waya wa umeme unavutwa. Wachaga wakikoseana, mwenye kosa hupeleka jani la isale, na anayepelekewa hawezi kukataa kumsikiliza. Mimi sina isale. Nilichukua soksi tatu.

Filemon alikuwa amevaa miwani ya kukatia, anatafuta aanzie wapi. Mzee yuko kwenye kiti, mguu juu ya ndoo. Mama Eunike amesimama nyuma yake.

"Baba mdogo, subiri kidogo," nikamwambia Filemon.

"Kuna nini tena? Umeme utakatika."

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mzee, mahali anapoweza kuiona midomo yangu. Nikaziweka soksi mapajani mwake.

"Baba, zilikuwa nne."

Akaziangalia. Akaniangalia. Nikamweleza yote, mawingu, nepi, mdomo wa koti la bati, Ijumaa, mtoto mwenye sabuni. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele, na Amne aliamka ndani akaanza kulia lakini sikuinuka.

Mama Eunike ndiye aliyesema kwanza. "Soksi zangu?"

"Filemon," mzee akasema. "Weka msumeno chini. Chukua spana namba kumi. Kisanduku cha chini, si kabureta. Cha chini."

Filemon akalala chali chini ya pua ya ndege. Nati ya kwanza, ya pili. Tulisikia kila moja ikidondoka kwenye kopo, isipokuwa mzee, ambaye alikuwa anaangalia mikono. Kisanduku kikatoka. Filemon akakileta kama kilivyo.

Ilikuwa imekunjamana pembeni mwa kilango, ya njano, upande mmoja umeungua ukawa mweusi. Injini iliivuta kupitia juu ya bomba la moto, nailoni ikayeyuka, na kilango kilipofungwa ikapoa, ikakigandisha kama lami. Mzee alisukuma springi kwa kidole. Kilango hakikutikisika. Akasukuma tena. Akakaa nacho mapajani, na kifua chake kilianza kupanda na kushuka, nikadhani mbavu zinamuuma.

"Koti la bati lilikuwa sahihi," alisema.

"Lilikuwa sahihi, baba."

"Springi ilikuwa sahihi."

"Ndiyo."

"Kaka, basi ni mtoto tu," Filemon akasema, anataka kucheka. "Amekanyaga kabureta."

Mzee alikuwa bado ananiangalia mdomo, kama anajua kuna kingine.

"Siku ile uwanjani," akasema, "ulikuwa umesimama karibu na wazee wa kanisa. Nilikuona. Nilipovuta, ilishuka?"

"Haikushuka."

"Uliisikia haikushuka."

"Niliisikia."

"Na ulinyamaza."

Nilitaka kusema mtoto, wazee, mwenyekiti. Nikasema, "Nilinyamaza. Na nilikuwa najua kuwa wewe husikii, baba. Nilijua tangu Amne alipozaliwa."

Mama Eunike alizunguka mbele ya kiti, akamtazama mume wake usoni. "Husikii?" Mzee akainamia kisanduku. Akamrudia, polepole safari hii, kwa mdomo mpana, "Eli. Husikii?" na mzee akatikisa kichwa kuwa hapana, hasikii, akamshika mkono.

Filemon akavua miwani, akaenda kuuchomoa waya wa umeme ukutani bila kuambiwa.

"Soksi nimekusamehe," mzee akaniambia mwishowe. "Soksi ni mama na mtoto wake, na mimi ndiye niliyepaswa kufunga wavu kwenye mdomo ule, hata nyigu wangeingia. Nitaufunga. Hilo la kunyamaza, mama Amne, bado linauma. Nipe muda."

"Chukua muda wote, baba."

"Na mimi nina langu. Nilivuta kirungu nikaangalia watu. Sikuangalia mshale. Siku zote nimesema isiposhuka hakuna kuruka, na siku yenyewe nikaangalia watu." Alikizungusha kisanduku mikononi. "Inuka, magoti yataota sugu. Mtoto analia."

Nikainuka. Nilikuwa nimefika mlangoni pa banda aliponiita, nikageuka ili anione.

"Mguu huu ukipona nitatengeneza bawa, nitafunga wavu, na nitaiwasha tena. Masikio hayatarudi. Fahad akiwepo au asiwepo, nataka uwepo wewe. Usikae na wazee. Simama mbele kabisa, upande wa kushoto, mahali ninapokuona. Nikivuta na isishuke, usiniite, maana sitakusikia. Vua kanga, uinue juu kwa mikono miwili. Na siku hiyo, tafadhali, mtoto mpe mtu akushikie."